Mtihani wa Mtoto Usiwe Mtihani wa Ukoo

KILA muhula wa tatu unapobisha hodi, nyumba nyingi nchini hubadilika ghafla. Redio hupunguzwa sauti, wageni huombwa waahirishe safari zao, mama huamka usiku wa manane kumwamsha mtoto asome, naye baba ambaye tangu Januari hajafungua daftari la mwanawe hurudi nyumbani mapema siku moja na kuuliza kwa ukali, "Umejitayarisha kweli wewe?" Mtoto hujibu kwamba amejitayarisha. Angejibu nini kingine?

Nilifundisha katika shule za msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimewaona watoto wa kila aina wakiingia katika chumba cha mtihani. Kutokana na hayo niliyoyaona, nina rai moja ambayo napenda kuwaletea wasomaji wa safu hii. Hofu ya mtihani aghalabu haianzii kwa mtoto. Humfikia kutoka kwetu sisi watu wazima, tena humfikia mapema, kabla hata hajajua shule anayoogopa kuikosa iko wilaya gani. Maadamu sisi ndio tulioiwasha hofu hiyo, hapana budi sisi ndio tuizime. Kumtuliza mtoto ni sehemu ya matayarisho yake, kama zilivyo hisabati na insha.

Hofu yenyewe haikuzuka hivi hivi, na simcheki mzazi aliye nayo. Mimi nilifanya mtihani wa CPE mwaka 1977, wakati alama za juu kabisa zilikuwa 36, na aliyekosa alama za kutosha alijua kwamba huenda ndiyo kwaheri ya shule. Baadaye, mwaka 1985, ukaja mfumo wa 8-4-4 na mtihani wa KCPE, uliohesabiwa kwanza kwa alama 700, kisha kwa alama 500 kuanzia mwaka 2001. Kwa miaka mingi shule za kitaifa zilikuwa 18 tu nchi nzima. Majina ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, Mang'u ya mwaka 1925 na Alliance ya mwaka 1926 yalitajwa katika vijiji ambavyo havikuwa vimewahi kupeleka mtoto hata mmoja huko. Kila mwisho wa mwaka tuliona magazetini picha za watoto waliobebwa mabegani. Hatukuziona picha za wale waliokaa nyuma ya jikoni wakilia.

Wazazi wa leo walilelewa katika hali hiyo. Walifunzwa kwamba mlango ni mmoja, ni mwembamba, na hufunguliwa mara moja tu. Mtu aliyefunzwa hivyo utotoni hawezi kuambiwa "tulia" akatulia mara moja. Lakini anaweza kuonyeshwa kwamba mlango wenyewe umebadilishwa, na kwamba anayemsukuma mwanawe kwa nguvu zile za kale anamsukuma kuelekea ukutani.

Tuangalie mambo yalivyo. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Chini ya mtaala wa umilisi na utendaji, mtoto hufanya tathmini ya KPSEA katika Gredi ya 6, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, kisha ile ya KJSEA katika Gredi ya 9. Watahiniwa wa kwanza wa KJSEA, waliozidi milioni 1.1, waliketi mwezi wa Oktoba na Novemba mwaka 2025, na kufikia Januari 2026 kundi lao likaanza kuingia Gredi ya 10 katika sekondari ya juu. Nafasi ya mtoto katika shule hizo haiamuliwi na karatasi za siku chache pekee. Sehemu 20 katika kila 100 hutoka katika KPSEA, sehemu 20 nyingine hutoka katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na zile 60 zilizosalia ndizo za KJSEA yenyewe.

Naomba msomaji azitafakari hesabu hizo. Mtoto anapoanza muhula wa tatu wa Gredi ya 9, sehemu 40 katika 100 zimekwisha kupimwa na kuwekwa kabatini. Hakuna kelele, kiboko wala tuisheni ya usiku inayoweza kuziongeza. Mzazi anayeanza kuwa na wasiwasi mwezi wa Septemba analeta dawa baada ya mgonjwa kulala wodini siku nyingi. Anayefaidika na utaratibu huu mpya ni yule mtoto aliyesoma kidogo kidogo tangu Gredi ya 4, aliyefanya kazi zake za mikono kwa uangalifu na kuulizwa nyumbani kila jioni, kwa upole, alijifunza nini siku hiyo. Haba na haba hujaza kibaba. Wazee walioisema methali hiyo walijua siri ya mtihani kuliko wengi wanaouza vitabu vya marudio.

Hata hivyo, tabia zetu zimebaki za enzi za alama 500. Bado kuna shule zinazowakalisha watoto madarasani kabla ya jua kuchomoza na kuwaachilia wakati wa giza. Bado wazazi huchanga fedha za masomo ya likizo, ilhali Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo hayo, na vilevile ilikataza mwanafunzi kupigwa au kuteswa kwa namna yoyote. Tumebadilisha jina la mtihani, tukauhifadhi woga wake.

Najua kuna msomaji atakayenikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Atasema kwamba bila ya shinikizo watoto wa siku hizi watashinda wakitazama simu, na kwamba yeye mwenyewe alifaulu kwa sababu ya fimbo ya mwalimu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa. Mtoto asiyejali kabisa hasomi. Wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliandika mwaka 1908 juu ya majaribio waliyoyafanya kwa panya waliofunzwa kutofautisha mwanga na giza. Panya aliyekosea alipigwa na umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, umeme mkali uliwafanya wajifunze haraka. Kazi ilipokuwa ngumu, umeme wa kadiri ndio uliofaa, na ule mkali uliwavuruga wakachelewa kujifunza. Mtoto si panya, lakini kila mwalimu aliyekaa darasani ameona jambo linalofanana na hilo. Fimbo inaweza kumfanya mtoto akariri jedwali la kuzidisha. Haiwezi kumfanya aelewe swali refu la sayansi ambalo hajawahi kuliona.

Sababu yake si ngumu kueleza. Akili inapotatua swali hutumia nafasi ndogo sana, mithili ya meza ya muuza njugu, ambapo mambo machache tu huweza kupangwa kwa wakati mmoja. Hofu ikija huketi juu ya meza hiyo hiyo. Mtoto hujiuliza, "Nikianguka baba atasema nini? Karo aliyolipa itakuwaje?" na kila wazo la namna hiyo huisukuma chini njugu moja. Namkumbuka msichana mmoja, binti wa muuza mboga, aliyekuwa akitatua hesabu za sehemu ubaoni huku akitabasamu. Mbele ya karatasi ya mtihani wa mwigo alisoma swali mara nne bila ya kulielewa. Nilipomwuliza kulikoni, alinieleza kwamba kila alipofunua karatasi alimsikia mjomba wake akisema kuwa ukoo mzima unamtegemea. Tulimwita mjomba huyo, mtu mwema asiyekuwa na nia mbaya, tukamwomba abadilishe usemi wake. Akakubali. Mtihani wa mwisho binti huyo aliufanya sawasawa na alivyokuwa akifanya darasani, wala hatukutaka zaidi ya hapo. Lengo la utulivu ni hilo: kwamba siku ya mtihani mtoto aonyeshe kile anachokijua, kisipungue.

Basi tufanye nini? Nina mambo kadha ya kupendekeza, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, tugawe kazi katika siku nyingi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizokuwa na maana na kupima alivyozisahau. Aligundua kwamba mtu husahau sehemu kubwa ya alichojifunza katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali hushika kuliko yale yaliyorundikwa siku moja. Kwa hivyo dakika 40 za kila jioni, siku tano kwa juma, zina nguvu kuliko mkesha wa Ijumaa. Mtoto na apange ratiba yake mwenyewe, mzazi aitazame na kuisahihisha tu pale ilipozidi kipimo. Ratiba iliyopangwa na mtoto huheshimiwa naye, na Jumapili iachwe ipumue.

Pili, mtoto ajiulize maswali badala ya kusoma ukurasa ule ule mara kumi. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi makala ya kusoma. Baadhi waliisoma tena, na wengine walifunga karatasi wakajaribu kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya juma moja wale waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Nyumbani jambo hili ni jepesi. Mtoto afunge kitabu, amweleze nyanya yake jinsi damu inavyozunguka mwilini. Nyanya asielewe, aulize. Mtoto akikwama, arudi kitabuni. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kumsaidia mwanawe kwa njia hii, na mimi naamini msaada wake wapita ule wa karatasi nyingi za maswali zilizonunuliwa mjini. Makosa ya kila juma yaandikwe katika daftari dogo, kwa kuwa daftari la makosa ndilo kitabu cha marudio kinachomfaa mtoto huyo peke yake.

Tatu, mtoto alale. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa nane hadi kumi kila usiku kwa kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18. Usingizini ubongo huyatunza yale yaliyosomwa mchana. Mzazi anayemwamsha mwanawe saa tisa za usiku ili asome anamwondolea kwa mkono wa kushoto alichompa kwa mkono wa kulia. Afadhali simu na runinga zizimwe saa mbili na nusu, mtoto alale saa tatu na nusu, aamke alfajiri kichwa kikiwa chepesi, anywe uji wake na kwenda shule.

Hapa sina budi kuzungumzia mabinti zetu. Katika nyumba nyingi msichana akitoka shuleni huchota maji, hupika, humwogesha mdogo wake na kuosha vyombo, ndipo afungue daftari saa nne za usiku. Kaka yake, aliye katika darasa hilo hilo, amekwisha kusoma, akacheza, akala na kulala. Kisha matokeo yakija twauliza kwa nini msichana hapendi hisabati. Mzazi anayetaka kuwatayarisha watoto wake kwa haki na agawe kazi za nyumbani sawasawa. Mvulana anaweza kuosha sufuria, na kidole chake hakitakatika.

Nne, tumruhusu mtoto aitaje hofu yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaomba wanafunzi wa darasa la tisa waandike kwa dakika kumi, kabla tu ya mtihani wao wa biolojia, mambo yote yaliyokuwa yakiwatia wasiwasi. Wale waliokuwa na hofu nyingi walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wenye hofu kama hiyo walioandika mambo mengine. Yaelekea hofu ikishaandikwa karatasini huacha nafasi akilini. Mtoto wetu anaweza kufanya hivyo kitandani usiku au mezani asubuhi, kisha akaichana karatasi hiyo pasipo kuonyesha mtu. Na akitaka kusema kwa mdomo, tumsikilize hadi mwisho bila ya kumkatiza kwa mahubiri.

Tano, tuchunge ndimi zetu. "Mtoto wa jirani amepata viwango vya juu, wewe je?" Maneno hayo hayajawahi kumfunza mtu yeyote sayansi. "Usiponiletea matokeo mazuri usirudi hapa." Mzazi husema hivyo kwa hasira na kusahau kabla ya chajio, lakini mtoto hulala nayo. Hata ahadi ya baiskeli huweza kuwa mzigo, kwani mtoto huona kwamba upendo nao umewekewa bei. Lililo bora ni kusifu kazi inayoonekana: "Nimeona umerudia hesabu ile mpaka ikatoka." Sifa kama hiyo mtoto anaweza kuichuma tena kesho kwa juhudi zake, haimtegemei mtahini.

Sita, tuketi na mtoto tunapochagua shule. Sekondari za juu zimepangwa katika makundi manne, C1 hadi C4, na mtoto huchagua mkondo wa masomo kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Uchaguzi huu ni mzito kuliko mtihani wenyewe, lakini katika nyumba nyingi hufanywa na baba kwa jioni moja, akifuata majina aliyoyatamani yeye utotoni. Matokeo ya uteuzi yalipotoka mwishoni mwa mwaka 2025, maelfu ya wazazi waliomba watoto wao wahamishwe shule. Yamkini baadhi ya maombi hayo yangeepukwa kama mapema yangeulizwa maswali ya kawaida. Mtoto anapenda nini, na anaweza nini? Shule hiyo inafundisha kweli masomo ya mkondo huo? Karo yake twaimudu? Nauli je? Shule ya kutwa iliyo karibu ina walimu gani? Shule ya tatu na ya nne katika orodha zitajwe kwa heshima ile ile inayotajiwa ya kwanza, ili mtoto akipangiwa huko aende kichwa kikiwa juu. Tukiziita shule hizo jalala mwezi wa Juni, hatuna haki ya kumwambia Desemba kwamba shule zote ni shule.

Kuhusu siku zenyewe za mtihani, machache yatosha. Vifaa vitayarishwe jana yake. Chakula kiwe kile alichokizoea. Mtoto afike mapema, avute pumzi taratibu mara tano, asome maagizo yote na kuanza na swali analolijua. Karatasi ikiisha, imeisha. Kumhoji njiani, "Namba tatu uliweka nini?" ni kumharibia karatasi ya kesho kwa ajili ya ile ya jana ambayo haiwezi kubadilishwa.

Nimeyasema haya nikijua kwamba si kila nyumba ina chumba cha kusomea. Kuna familia za watu sita katika chumba kimoja, ambapo mtoto husomea kitandani huku wadogo zake wakigombana. Huko nako kuna la kufanya: majirani wanaweza kukubaliana juu ya saa moja ya ukimya, shule inaweza kuacha darasa moja wazi hadi saa kumi na moja za jioni, na kanisa au msikiti unaweza kutoa ukumbi wake unaokaa bure siku za kazi. Lakini utulivu wa nyumbani una mipaka yake, na hapo ndipo naigeukia serikali. Iwapo mtoto anayependa sayansi anaweza kupelekwa katika shule isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia, mzazi anayehangaika ana sababu ya kuhangaika, na mahubiri yangu hayatamtuliza. Wizara ya Elimu ingetumia nguvu zake kuinua shule za kundi la C4, zilizo karibu na wananchi wengi, woga wa mtihani ungepungua wenyewe. Watu hukanyagana mlangoni kwa sababu chakula kiko chumba kimoja tu.

Kuna jambo la mwisho, nalo nalisema kwa uzito. Katika miaka ya KCPE, karibu kila matokeo yalipotangazwa, tulisoma habari za watoto waliojidhuru kwa sababu ya alama. Walikuwa watoto wa miaka 13 na 14. Hakuna shule katika nchi hii, iwe na jina kubwa kiasi gani, yenye thamani ya mtoto mmoja. Kwa hivyo tuziangalie dalili: mtoto anayekosa usingizi au hamu ya chakula kwa siku nyingi, anayeumwa na tumbo kila asubuhi ya shule, anayejitenga na marafiki zake, au anayesema kwamba hafai na heri asingekuwapo. Maneno kama hayo yasichukuliwe kuwa mchezo. Mtoto huyo asiachwe peke yake, azungumziwe kwa upole, na msaada utafutwe kwa mwalimu anayemwamini, kwa daktari, au kwa simu ya bure ya watoto, nambari 116. Na siku ya matokeo mzazi awe nyumbani. Neno la kwanza atakalolisema siku hiyo mwanawe atalikumbuka hata akiwa na wajukuu.

Wahunzi wa kale walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimewaona wanafunzi wangu waliokosa shule walizozitaka wakawa mafundi, wauguzi, wakulima na walimu hodari, na nimewaona waliozipata wakachoka njiani kwa kuwa walikwenda huko kwa ajili ya watu wengine. Ewe mzazi, mwanao anapojiandaa kwa Oktoba, mpe ratiba, mpe usingizi, mpe sikio lako. Mwambie leo, kabla ya karatasi ya kwanza kufunuliwa, kwamba atakaporudi nyumbani sahani yake itakuwa mezani pale pale, na nafasi yake moyoni mwako haitapimwa kwa viwango vya mtihani. Mwambie kwa maneno, asije akalazimika kukisia.